Barabara ya Kichwani

Ewart Holroyd hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwao Yorkshire, katika mji wa viwanda vya sufu na mvua iliyochanganyika na masizi, walimjua kama kijana wa bucha aliyepeleka nyama majumbani kwa pikipiki, akipanda mlima wa kanisani kwa mwendo ambao soseji zilifika kabla hazijaagizwa. Ndivyo walivyomtania. Yeye alichekea puani, akawasha moto, akaondoka zake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Pikipiki ilipofika kasi yake ya mwisho, pale upepo unapokukandamiza kifua kama mkono wa mtu mzima, kelele zote zilitoweka. Injini ilikuwa ikinguruma, na watu kando ya barabara walikuwa wakiziba masikio, lakini yeye hakusikia kitu. Alikuwa ndani ya ukimya mweupe, mpana, na barabara ilimjia polepole, jiwe baada ya jiwe, kana kwamba mtu anamkunjulia kitambaa mbele yake. Siku moja alimwona ndege mdogo juu ya ukuta, akamwona anavyogeuza kichwa, akaona hata mdudu aliyembana mdomoni. Kwa mwendo ule mtu hawezi kuona mambo hayo. Aliyaona.

Kwa ajili ya ukimya huo aliacha bucha. Alianza na mashindano ya kwenye nyasi, akavunjika bega, akapona, akavunjika tena. Akampata fundi, Cuthbert Pell, mnene wa kiko mdomoni, aliyekuwa na gereji nyuma ya kituo cha treni na aliyeweza kusikia ugonjwa wa injini akiwa mtaa wa pili. Akampata pia mchumba, Nesta, mfumaji wa kiwandani, ambaye hakupenda pikipiki hata kidogo, ila alimpenda mtu aliyekuwa juu yake.

Juni mwaka 1939 walivuka bahari wote watatu kwenda Kisiwa cha Man, kwenye mbio ambazo kila mwendeshaji wa Uingereza huziota. Ni barabara za kawaida za kisiwa zinazofungwa kwa siku chache: zinapita vijijini, katikati ya kuta za mawe, madaraja na milango ya watu, kisha zinapanda mlimani na kushuka tena mjini Douglas. Mzunguko mmoja ni kilomita sitini, na mizunguko ni saba. Ewart alimaliza wa pili, nyuma ya mshindi kwa sekunde kumi na moja.

"Sekunde kumi na moja, bwana wee," Cuthbert alimwambia, "ni mtu kupenga kamasi tu. Mwakani usipenge."

Mwakani haikuja. Septemba ile vita vikaanza, na jeshi likampa Ewart pikipiki nzito ya rangi ya matope ili apeleke barua za makamanda huko Ufaransa. Mei iliyofuata, jeshi zima liliporudi nyuma kuelekea pwani, alitumwa na bahasha kutafuta makao makuu ambayo yalikuwa yamekwisha kuhama. Alizunguka siku nzima katika barabara zilizojaa mikokoteni, magodoro na akina mama waliobeba saa za ukutani. Jioni alikata kona akakuta Wajerumani wanne wamekaa ukingoni mwa shimo wanakunywa kahawa. Walimtazama, akawatazama. Mmoja akainua bunduki bila haraka, kama mtu anayeinua kofia kusalimia.

Karibu miaka mitano aliipitisha katika kambi ya wafungwa, huko mashariki, kwenye machimbo ya mawe. Mchana walipasua mawe. Walikula supu ya kabeji na mkate mweusi uliogawanywa kwa kupimwa na kamba. Na kila alipopata nafasi ya kulala chali, Ewart alifumba macho akaizunguka barabara ya kisiwani. Hakuiwaza kwa ujumla. Aliiendesha. Aliondoka Douglas, akabadilisha gia, akapunguza mwendo kwenye kila kona, akaufuata ukingo kwa upana wa kiganja. Miguu yake ilicheza kwenye blanketi. Mzunguko ulimchukua dakika ishirini na sita, sawasawa na siku ya mashindano.

Mwaka wa pili waliletwa wafungwa wapya waliotekwa kisiwani Krete, Ugiriki. Mmoja wao, mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, alipewa kitanda cha chini ya kile cha Ewart. Alivumilia siku tatu. Jumapili mchana akatoa kichwa.

"Kaka, unakwenda wapi kila siku? Kitanda kizima kinatikisika."

"Nazunguka kisiwa," Ewart alijibu, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubuni uongo.

"Kisiwa gani?"

"Man."

Yule mtu alijiinua kwa kiwiko. Kisha akauliza kama Ewart ni mmoja wa wale wa pikipiki. Ewart akasema ndiyo. Akauliza namba aliyovaa mwaka wa mwisho. Kumi na tisa.

"Kumi na tisa," akarudia. "Basi nakujua. Mimi ni Finlo Kermode. Shamba letu liko ng'ambo kidogo ya kijiji cha Kirk Michael, nyumba iko barabarani kabisa. Siku ile ninyi mlipofunga barabara, nilikuwa na ng'ombe ishirini na nne upande wa pili, viwele vimejaa, wanalia kama wafiwa. Nilikulaani mara saba, kila ulipopita."

"Nilikuwa wa pili," alisema Ewart.

"Na mshindi nilimlaani kabla yako."

Urafiki wao ulianzia hapo. Jumapili iliyofuata Finlo alimwomba auendeshe mzunguko kwa sauti, ili naye afike nyumbani. Ewart, ambaye hakuwahi kusema sentensi tatu mfululizo, alifumba macho akaanza. Alipotoka Kirk Michael akataja kona ya kushoto, ukuta, mwinuko ambapo magurudumu yote mawili huruka juu. Finlo akamkatiza. Ukuta gani? Hapo pana ukuta mweupe, na nyuma yake kuna kisima, na kando ya kisima jiwe la kukalia ambalo baba yake alilichonga. Ewart hakuwahi kuona kisima. Kwa mwendo wake, kisima hakikuwepo.

Basi wakaanza kuizunguka barabara wawili. Ewart alileta kona na gia, na Finlo akaleta vilivyo nyuma ya kuta: nani anaoka mkate siku gani, kijito gani kina samaki, vichaka vya miiba vinapochanua maua ya manjano hunukia nini. Wengine wakasogea. Kufikia majira ya baridi ya mwaka 1943 chumba kizima kilikuwa kikisafiri, watu thelathini wamelala chali wakiwa wamefumba macho, mvuke wa pumzi ukipanda darini. Mzunguko sasa ulichukua saa nzima na nusu, maana kila mtu alitaka kusimama. Mchimba makaa wa Wales aliomba ashushwe Ramsey, mji wa pwani ya kisiwa, akakae ufukweni. Walimwacha pale, wakampitia wiki iliyofuata, na akawaambia kwamba alikula samaki wawili waliokaushwa kwa moshi. Hakuna aliyecheka. Walimwonea wivu.

Ilikuwa ajabu kwa Ewart kwamba ule ukimya mweupe, aliodhani ni wa kasi peke yake, ulikuja pia pale, ndani ya mwendo wa pole namna ile.

Januari mwaka 1945 Warusi walikaribia, na walinzi wakawatoa wafungwa wote nje kwenye theluji, wakawaambia watembee kuelekea magharibi. Walitembea wiki tano. Finlo alikohoa tangu wiki ya kwanza. Ewart alimshika mkono, kisha akamshika kiuno, kisha akamvuta juu ya ubao uliofungwa kamba, kamba aliyoizungushia mkono wake wa kushoto hadi vidole vikawa vya mtu mwingine. Asubuhi moja, ndani ya banda la nyasi, Finlo aligoma kunyanyuka. Ewart akamwinamia akamuuliza kama wazunguke.

"Leo hapana," alisema Finlo. Baada ya muda akasema, "Mama atakuwa anakamua peke yake."

"Dada yako atamsaidia."

"Ealish hana subira na ng'ombe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Walimfunika kwa nyasi, kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, na walinzi wakawahimiza waendelee.

Ewart alirudi Yorkshire mwezi wa Mei, kilo arobaini na tisa, mkono wa kushoto una vidole vitatu, viwili vimeliwa na baridi ya theluji. Nesta alimpokea stesheni. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akamwambia kwamba amechelewa, kisha akalilia kwenye koti lake hadi treni ikaondoka. Walioana mwaka uliofuata, keki ikiwa ya kuazima sukari mtaa mzima. Akapata kazi katika gereji ya Cuthbert. Kwa macho ya watu alikuwa amepona.

Nesta ndiye aliyejua. Mumewe aliweza kukaa mezani na kikombe mkononi, macho yakiwa wazi lakini hayapo, miguu ikicheza chini ya meza. Mwanzoni aliogopa. Baadaye akawa anaangalia saa ya jikoni.

"Uko wapi sasa?" alimuuliza siku moja.

"Ramsey."

"Haya. Ukifika Douglas, chai imepoa."

Mbio za kisiwani zilirudi Juni mwaka 1947. Cuthbert alikuwa ameificha ile pikipiki ya mwaka 1939 ndani ya banda la kuku miaka yote ya vita, na kuku walikuwa wameizoea hata wakawa wanatagia kwenye kiti. Aliifumua yote akaisafisha, akaiunga upya. Akatengeneza mpini wa klachi mrefu, uliopinda, ambao mkono wa vidole vitatu ungeweza kuubana. Daktari wa mashindano alimwambia Ewart amkamate mkono kwa nguvu. Ewart akampa wa kulia.

"Ule mwingine, Bwana Holroyd."

Akampa wa kushoto, akaubana mpaka daktari akasema inatosha. Ewart alikuwa na miaka thelathini na minane.

Wiki ya mazoezi waliendesha alfajiri, saa kumi na moja, barabara ikiwa na umande. Kila siku Ewart alilipita shamba la Kermode akiwa ameinamisha kichwa juu ya tangi. Aliona pembeni mwa jicho mwanamke amesimama getini, na kila siku aliongeza mwendo. Hakuwa amewaandikia hata barua moja. Alijaribu mara kadhaa; kalamu ilifika kwenye lile banda la nyasi ikasimama.

Siku ya mapumziko Nesta alivaa kofia yake, akamwambia Ewart kwamba ataenda kwa akina Kermode, hata kwa miguu kama hapana budi. Wakapanda basi. Kisima kilikuwepo nyuma ya ukuta mweupe. Jiwe la kukalia lilikuwepo. Ewart alisimama akalitazama mpaka Nesta akamgusa kiwiko.

Ealish Kermode alikuwa na masikio ya kaka yake na mikono iliyozoea kazi nzito. Alimtambua kwa mabega aliyokuwa ameyaona yameinama juu ya tangi alfajiri nne.

"Wewe ndiye unayewaamsha kuku wangu," alisema. "Unataka nini?"

Ewart akamwambia alikuwa na Finlo kambini. Alisema hivyo tu, kisha akakwama, na mwanamke yule akafungua mlango. Jikoni, chai ikiwa imemiminwa, alimweleza polepole: kitanda, Jumapili, mzunguko, kisima, wale watu thelathini. Alipofika kwenye safari ya theluji aliificha mikono chini ya meza. Alipomaliza, Ealish alinyanyuka, akaleta bati la biskuti, akatoa kadi ndogondogo za kambini zilizogongwa mhuri wa wakaguzi, akamsomea moja bila kuiangalia, maana aliijua kwa moyo.

"'Mama mpenzi, leo nimepita nyumbani tena. Dereva ni mpumbavu mmoja wa Yorkshire. Je, mlango mmeupaka rangi? Sikuona vizuri, alikuwa na haraka.'" Akaiweka chini. "Ziko arobaini na moja. Zote ni hivi. Mimi nilijua amerukwa na akili kule. Niliwaza namna tutakavyomtunza akirudi. Lakini mama aliamini. Kila Jumapili alitoka akasimama getini. Akaupaka mlango rangi nyekundu, kusudi auone hata kama dereva ana haraka."

Ewart akauliza mama yuko wapi. Alikuwa amefariki Oktoba mwaka 1944. Barua ya kumjulisha Finlo ilirudishwa miezi sita baadaye, haijafunguliwa.

Nesta aliinuka akaosha vikombe kama mtu aliye kwake.

"Kumbe alikuwa na akili zake," Ealish alisema hatimaye, na ilionekana kwamba jambo hilo lilimwondolea kitu kizito kuliko alivyotarajia. "Alikuwa anafanya mzaha wake tu. Na hukuja kuniambia miaka miwili."

"Sikuweza."

"Ungeweza," alisema Ealish. "Lakini umekuja."

Siku ya mashindano mawingu yalikuwa yameukalia mlima. Petroli ya baada ya vita ilikuwa dhaifu, pikipiki zilikohoa, na hakuna aliyetarajia muda mzuri. Ewart alianza wa kumi, akapanda taratibu, wa nane, wa sita. Mzunguko wa tano, juu mlimani, ukungu ulishuka kabisa. Wenzake walipunguza mwendo, miwani imefunikwa na maji, wakitafuta ukingo wa barabara kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Ewart hakupunguza. Hakuhitaji kuona. Alikuwa ameipita barabara hiyo mara elfu mbili akiwa amefumba macho.

Ukimya mweupe ukamfunika. Hakujua tena ni wapi ukungu unaishia na wapi ukimya unaanzia. Aliwapita watu wawili kama anapita vivuli. Akasikia pumzi za wale thelathini nyuma yake, akasikia Finlo akimwambia apunguze kidogo, kuna kijito hapa, kina samaki, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Cuthbert, kwa saa yake ya mkononi, alihesabu baadaye kwamba katika dakika zile Ewart alikuwa akiongoza mbio, kwa kuwa waendeshaji huondoka mmoja mmoja na hushindana kwa muda.

Ilikuja kona ya kulia ambayo mwaka 1939 ilikuwa na majani ukingoni, mahali pa kuliachia gurudumu lipumue. Wakati wa vita malori ya jeshi yaliubomoa ukingo ule, na halmashauri ikajenga tuta la mawe. Ewart alilijua tuta hilo. Alikuwa ameliona wiki nzima. Lakini barabara aliyokuwa akiiendesha haikuwa na tuta. Aliliachia gurudumu, na mawe yakamkamata begani, yakachana ngozi na nyama, usukani ukamponyoka mikononi. Pikipiki ilivuka barabara ikiyumba mara tatu, mara nne. Mkono wa vidole vitatu ndio uliowahi kuukamata tena.

Kelele zikarudi zote kwa pamoja: injini, upepo, mchanga, moyo wake. Mbele yake kulikuwa na barabara nyembamba yenye maji, ya siku ile, asiyoijua vizuri. Akapunguza gia, akafuta miwani kwa mkono, akaanza kutazama.

Wawili aliowapita walimpita tena, na wengine wawili nyuma yao. Mizunguko miwili ya mwisho aliiendesha kama mwanafunzi. Alipotoka Kirk Michael aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, na akauona mlango: mwekundu, rangi imeanza kubanduka kwa chini. Ealish alikuwa getini. Hakupunga mkono. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemjulisha mpita njia kwamba amemwona.

Alimaliza wa saba. Nesta aliliona bega, akauma mdomo, akaenda kutafuta maji ya moto. Cuthbert alianza kuhesabu dakika zilizopotea, kisha akamtazama usoni akakizima kiko chake.

Watu wengi walidhani ataacha. Aliendesha mwaka mmoja zaidi, mbio ndogondogo, bila kelele wala picha gazetini, na nyumbani alikunywa chai yake ikiwa moto. Mbio zake za mwisho zilikuwa Septemba mwaka 1948, katika uwanja wa ndege za kivita uliokwisha kuachwa, Lincolnshire. Walikuwa wamepanga marobota ya majani juu ya zege ili kutengeneza kona. Hapakuwa na kijiji pale, wala ukuta, wala mtu aliyewahi kuzaliwa kando ya barabara ile. Kulikuwa na nyasi bapa mpaka mwisho wa macho, mvua nyepesi, na watazamaji wapatao mia tatu chini ya makoti. Ewart hakuwa amewahi kufika hapo na hakuwa na la kukumbuka. Aliliona kila robota lilipofika, akaliacha lilipopita. Alishinda kwa umbali mkubwa, akapewa seti ya vikombe sita na birika lake.

Nesta alikuja mbio akikanyaga madimbwi. Alimkuta amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, miwani imepandishwa juu, uso umelowa mvua iliyokwisha kukatika, anatazama upande wa mashariki ambako jua lilikuwa limepata upenyo na kuling'arisha zege lote lenye madimbwi.

"Unaangalia nini?" alimuuliza.

"Maji," alisema Ewart. "Yametulia vizuri."